Nani alikuwa na zamu ya kumlisha? Kesi ya Emily Rose ilivyosikilizwa barzani kwetu

Wiki ilopita tulikaa nyumbani kwa bibi, Miembeni, Unguja mjini, tukaangalia The Exorcism of Emily Rose. Muvi ya zamani kidogo hii, ya 2005, mie nilishaiona mara mbili lakini peke yangu chumbani na laptop, mara hii nimeiona na bibi, na ami yangu ambae anasomesha chuo cha Kur'ani na watu humletea wagonjwa awasomee, na binamu yangu ambae ni nesi na alikuwa ndo katoka zamu ya mchana. Wallahi ilikuwa muvi nyengine kabisa. Ilipomalizika tukatoka barzani tukaendelea kubishana mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba.

Kwa ambao hawajaiona, kisa kwa ufupi. Msichana wa familia ya Kikatoliki, watu wa shamba, kapata nafasi chuo kikuu. Usiku mmoja yuko peke yake dahalia, saa tisa ya usiku, ananusa harufu ya kuungua, anahisi kitu kimemkalia juu, mwili unakauka. Anapelekwa hospitali, madaktari wanasema kifafa kilochochanganyika na maradhi ya akili, wanampa dawa. Hali haitengenei, anarudi kwao, anaacha dawa, padri wa parokia yao, Father Moore, anamsomea ile ibada yao ya kutoa mashetani. Haikufaulu. Msichana akafa, kakonda, mwili una majeraha. Padri anashtakiwa kwa kuua kwa uzembe, na muvi nzima inakwenda mahkamani, mambo ya kutisha tunayaona kwa kurudishwa nyuma kila shahidi akisimama.

Kuna kitu kimoja walikifanya vizuri na lazima niwape haki yao. Mwendesha mashtaka, yule anaeshikilia sayansi, ndie mtu wa kanisa, anasali kila wiki. Wakili wa padri, Erin Bruner, yeye hajui kama anaamini chochote, kachukua kesi kwa sababu anataka kupanda cheo ofisini kwao. Yaani muumini anasimama kusema hapana jini hapa, na asoamini anasimama kusema huenda lipo. Ami alicheka hapo, akasema hao wote wawili angewakuta barza yoyote ya hapa mjini.

Halafu ile saa tisa. Kwenye muvi saa tisa ya usiku ndo saa ya mashetani, kila kitu kibaya kinatokea saa hio, kwa sababu kwao Yesu kafa saa tisa ya mchana bas shetani anaigeuza kwa kejeli. Wakili mwenyewe akaanza kushtuka usingizini saa tisa. Bibi akauliza, saa tisa si ndo saa ya tahajudi? Na Ramadhani hio si saa ya daku? Bas tena sote tukacheka na muvi ikapoteza nusu ya utisho wake, maana kila ikioneshwa saa ya ukutani inagonga tisa bibi anasema "haya, amkeni mle daku."

Lakini ile harufu ya kuungua, hio binamu yangu hakucheka. Akasimamisha muvi kabisa. Akatwambia kipo kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliopo usawa wa sikio, na mgonjwa wake mara nyingi haanzi kwa kuanguka na kutoka povu kama tunavyokijua sisi. Anaanza kwa kunusa kitu ambacho hakipo, mara nyingi harufu mbaya, ya kuungua, au anashikwa na khofu kubwa inayotoka tumboni bila ya sababu, wengine wanaona mambo ya dini, nuru, sauti, wanahisi mtu yuko nyuma yao. Na baada ya kifafa kupita wapo wanaobaki wamechanganyikiwa siku kadhaa. Yaani alama ileile moja, padri anaisoma hivi na daktari anaisoma vile, na mgonjwa mwenyewe hana njia ya kuzitofautisha maana kwake yeye harufu ni harufu. Ami akamjibu, na mie nimeona wanaonusa udi pasipo na chetezo nyumba nzima. Binamu akasema, sawa ami, na mie ndo hao hao nnaowaona kliniki.

Sasa tuje kwenye hoja ya wakili ambayo ndo moyo wa kesi, na hapa ndo nilipokaa mda mrefu kufikiri. Anamleta shahidi, mwanamke msomi wa mila za watu, Dr. Adani, anaieleza mahkama kwamba kupagawa kupo kila pembe ya dunia, na kwamba dawa alokuwa anakunywa Emily (muvi inaiita Gambutrol, jina la kutunga hilo usilitafute duka la dawa) ndo ilomfunga. Kwa maelezo yake ibada ya kutoa shetani inafanya kazi kwa kumshtua mgonjwa, na dawa imeizima ile sehemu ya ubongo inayotakiwa ishtuke, kwa hivo kosa sio la padri kumwachisha dawa, kosa ni la madaktari kumpa.

Niliposikia tu nikasema, hii si degedege hii?

Mtu wa rika langu alokulia pwani anajua. Mtoto akishikwa na homa kali akaanza kutetemeka na macho kugeuka, wazee walikuwa wanasema ni dege, ndege wa usiku kapita juu ya nyumba, na hio haiendi hospitali. Sio kwamba hospitali haisaidii tu, la, walikuwa wanasema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Bas anafukizwa, anapakwa, anafungwa hirizi, na akishindikana ndo anapelekwa hospitali mchana wa pili, kesha'legea kabisa, anachomwa sindano kweli na anakufa kweli, na watu wanarudi nyumbani wanasema mnaona? Tuliwaambia. Wengi wao ilikuwa malaria imepanda kichwani na kilichowaua ni kuchelewa. Hoja haikuwa inakosea hata siku moja kwa sababu ilijitengenezea ushahidi wake wenyewe. Iliopunguza degedege Unguja na Pemba haikuwa mabishano, ni dawa mseto kuanzia 2003, na vyandarua, na kupiga dawa majumbani, malaria ikashuka mpaka chini ya asilimia moja, na dege nae sijui kahamia wapi.

Kwa hivo yule shahidi mimi sikumwonea huruma, ijapokuwa kaigiza vizuri na anaongea kwa sauti nzito nzuri. Hoja yake imekaa kama ile ile ya dege. Ukiacha dawa na mgonjwa akapona, ni ibada. Ukiacha dawa na mgonjwa akafa, ni dawa ilobaki mwilini. Sasa hapo itokee nini ndo uambiwe umekosea? Na binamu akaongeza kitu ambacho mwendesha mashtaka kwenye muvi angekibana zaidi, kwamba dawa za kifafa kuziacha ghafla ni hatari peke yake, kifafa kinaweza kurudi kikafululiza bila ya kukatika. Hapa kwetu mgonjwa anapewa fenobabitoni au kabamazepini, na jambo la kwanza anaambiwa ni usiache siku hata moja bila ya kuja kusema.

Sasa kisa cha kweli, maana muvi inasema imetokana na kisa cha kweli na hapo ndo wengi wanapoishia bila ya kuangalia. Msichana wa kweli hakuwa Mmarekani. Alikuwa Mjerumani, Anneliese Michel, kazaliwa 1952 Bavaria, kifafa kilimwanza 1968 yuko skuli bado. Alitibiwa miaka, akaingia chuo kikuu Würzburg, akawa anaona nyuso za kutisha, anasikia sauti zinamwambia kalaaniwa, msalaba hauwezi kuusogelea. Familia yake wacha Mungu sana. Wakaomba mapadri, wakakataliwa mara kadhaa, mpaka Septemba 1975 askofu wa Würzburg, Josef Stangl, akatoa ruhusa kwa mapadri wawili, Arnold Renz na Ernst Alt. Wakamsomea mara 67 katika miezi kumi hivi, kwa kitabu cha ibada cha tangu 1614, mara moja au mbili kwa wiki, kikao kimoja kinafika masaa manne, na kanda zaidi ya 40 zikarekodiwa. Tarehe 1 Julai 1976 akafa. Miaka 23. Uzito wake ulikuwa kilo 31 hivi. Sababu ya kifo ni kukosa chakula na maji.

Binamu aliposikia kilo 31 akanyamaza. Anajua kilo 31 ya mtu mzima inavyoonekana kitandani.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo muvi imelifanya kimyakimya na mie ndo nnaloliona kubwa kuliko masauti na macho kugeuka. Kwenye kesi ya kweli, mahkama ya Aschaffenburg 1978, walosimama kizimbani walikuwa wanne. Mapadri wawili, na baba, na mama. Muvi ikawatoa baba na mama. Ikabaki padri mmoja, mpole, mwenye sura ya huruma, na mbele yake daktari, bas kesi ikawa dini na sayansi wanapigana ngumi na sisi tunashangiria upande wetu. Ukimrudisha mama kizimbani hio ngumi haipo tena. Unabaki na nyumba. Nyumba ina jiko, ina sufuria, ina mtu anaepita mbele ya mlango wa chumba asubuhi na jioni.

Bibi alishaliona hilo kabla ya mimi kuwaeleza kesi ya kweli. Katikati ya muvi, wakati wanasheria wanapigiana kelele kuhusu lugha alizokuwa anazungumza Emily (padri anasema mashetani, mwendesha mashtaka anasema alizisoma skuli na kanisani), bibi akauliza, "Kwani mama yake yuko wapi?" Tukamwambia yupo, yule pale kakaa nyuma. "Namuona. Nauliza yuko wapi."

Mahkama ya Ujerumani haikuulizwa kama shetani yupo, na haikujibu. Mawakili walipiga zile kanda mle ndani, watu wakasikia zile sauti, wakatoa na hoja ya katiba kwamba kila mtu ana uhuru wa ibada yake. Majaji wakaja na swali dogo, dogo mno mpaka linaudhi. Huyu mtu angeitiwa daktari wiki moja kabla, angeishi? Jibu likawa ndio, angeishi. Bas. Wote wanne wakaonekana na hatia ya kuua kwa uzembe, kifungo cha miezi sita kisichotumikiwa, na miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Mwendesha mashtaka mwenyewe alikuwa kaomba kidogo kuliko hicho, mapadri watozwe faini, na wazazi wasiadhibiwe kwa kuwa wameshaadhibika. Mahkama ikazidisha.

Kwenye muvi ni kinyume. Wale raia wanaokaa mahkamani kuamua kesi wanasema ana hatia, halafu wanamuomba jaji adhabu iwe siku alizokwisha kaa ndani, na jaji anakubali, padri anatoka zake. Watu sinema hulia hapo. Mie nilihisi nimechezewa. Umesema mtu kafa kwa uzembe wa huyu halafu umemfungulia mlango kwa sababu barua ilosomwa mahkamani ilikuwa nzuri.

Hio barua ndo ilozua mjadala wa kweli barzani. Emily anaandika kwamba alimuona Bibi Mariamu, akapewa hiari, aondoke kwenye mwili wake apumzike, au abaki ateseke ili watu wajue kwamba ulimwengu wa roho upo. Akachagua kubaki. Binamu akasema huo ni ugonjwa unazungumza. Mie nilikuwa upande wake, lakini ami akatuliza, akasema msikimbilie, na sisi tunayo inayofanana, akatuhadithia ile Hadithi ya Ibn Abbas iliomo Bukhari na Muslim. Mwanamke mweusi alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema mimi naanguka, na nikianguka nafunuka, niombee kwa Mwenyezi Mungu. Akamwambia ukitaka subiri na utapata Pepo, ukitaka nitakuombea upone. Akasema nitasubiri, lakini niombee nisifunuke. Akamuombea.

Sote kimya. Ami akaendelea, maulamaa wamezungumza sana kama kule kuanguka kulikuwa kifafa cha maradhi au cha jini, sisi hatuhitaji kuamua usiku huu. Angalieni alichoomba. Yule mama kakubali maradhi, ila kuna kitu cha kibinaadamu kabisa hakukikubali, kufunuliwa mbele za watu, na akakiombea kitu hicho, na hakuambiwa aa, na hicho nacho kisubirie. Hio ndo tafauti na huyo mtoto wenu wa kwenye sinema, yeye kafunuliwa kila kitu na watu wazima wamekaa wanarekodi kwenye kaseti.

Sikutegemea, kusema kweli. Nilidhani ami atamtetea padri, kazi yao inakaribiana. Akawa mkali kuliko nesi. Binamu alikuwa tayari kusema madaktari nao wana lao, maana Anneliese alitibiwa miaka bila ya kuona nafuu na mtu akichoka na vidonge visivyomsaidia atakwenda anakosikilizwa, hio binamu anaiona kliniki kila wiki. Ami hakutaka kusikia. Anasema tumeamrishwa tujitibu, na mtu akisoma ruqya, yaani kisomo cha kumtibu mgonjwa, na mgonjwa hali chakula, huyo msomaji ana suali lake la kujibu.

Bibi akaingia na lake, na hili nimeligeuza kichwani wiki nzima. Bibi kaona mengi, ujana wake ngoma za pepo zilikuwa hazikatiki mitaa ya Ng'ambo, kibuki, rubamba, na mengine. Akasema, "Pepo wa kwetu hula. Akipandwa mtu, fundi anauliza unataka nini, wewe unaleta chano, halua, mayai, nyama, wa kibuki anataka hata brandi, haya, analetewa. Mwele anakula, ngoma nzima inakula. Hio pepo gani inayokwambia usile ukaitii?" Ami hapo akakuna kichwa maana yeye mambo ya chano hayataki kabisa, anasema ni shirki, lakini hakumkatiza mama yake.

Nikiwa peke yangu nimefikiri na upande wa pili, maana khatari haiko kwa waumini wa Bavaria tu. 1995 nilikuwa mdogo, popobawa, lile jini lilosemwa linavamia watu usiku majumbani, lilianzia Pemba likavuka mpaka Unguja, watu wanalala nje wamewasha moto, wanaume wazima wanakokota magodoro. Siku hizo mjini hapa umati ulimuua mtu kwa kudhani ndie popobawa, na alikuwa mgonjwa wa akili alokuja kutafuta matibabu. Anneliese aliangaliwa mpaka akafa na watu waliompenda wanaamini wanapigana na shetani. Huyu kauliwa na watu wasiomjua wanaamini wamemuua popobawa. Wote wawili walikuwa wagonjwa, na kila mtu aliekuwepo alikuwa anaangalia kitu chengine kilichosimama nyuma ya mgonjwa.

Ingekuwa hapa kesi ingekwendaje? Kwa kadhi isingekwenda, kadhi ni ndoa, talaka, mirathi. Ingekuwa mahkama za kawaida, na sisi hatuna wale raia kumi na mbili wa kulizwa na barua. Uhuru wa dini umo kwenye katiba yetu ya 1984, hivo wakili angeanzia hapo hapo walipoanzia wale wa Aschaffenburg. Lakini kabla ya kufika huko, nyumba gani ya hapa ingepeleka mapadri wake polisi? Tungezika, tungesoma khitma, na watu wangesema siku yake imefika. Sisemi kwa kejeli, na mie ningekuwemo kwenye jamvi hilo.

Kanisa lenyewe 1999 lilitoa kitabu kipya badala ya kile cha 1614, na kinamtaka padri ahakikishe kwanza si maradhi, ashauriane na wajuzi wa tiba. Ami alipenda hilo, akasema hata sisi tungeandikiwa moja.

Watu walipoanza kutawanyika nikabaki na ami, nikamuuliza lile swali nilokuwa nalo tangu mwanzo. Nikamwambia tuseme unamsomea mtu, na ile sauti mdomoni mwake inakwambia, ukimpa chakula namuua. Na wewe unaamini kwamba ni jini kweli. Utafanya nini?

Akasema limeshamkuta. Micheweni, Pemba, zamani kidogo, kijana wa kiume, siku ya tatu hali hanywi, na maneno yalikuwa karibu hayo hayo. Ami anasema aliogopa, anakubali kabisa kwamba aliogopa, sauti ilikuwa inamjua jina la marehemu babu.

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga msahafu, nikamwambia baba yake katafute gari. Tukampakia nyuma, mama yake na kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Mie nilikuwa na juzuu ya Amma kichwani, nikaisoma njia nzima mpaka Wete hospitali. Dripu ya pili ndo akafungua macho akanambia, mwalimu, mbona umekaa chini?"

Nikamuuliza lilikuwa jini au halikuwa. Akatafuta ndara zake chini ya barza, akavaa moja, akaitafuta ya pili.

"Mie sijui," akasema. "Dripu haikuuliza."